Mwizi wa Nyungunyungu

Miaka ya hamsini, huko Kiwangwa, kila Alhamisi chuo cha Kurani kilipofungwa, Mwanamkasi alikwenda bwawani kuvua kambale. Chambo chake kilikuwa nyungunyungu, wale minyoo wa udongoni, aliowafuga katika chungu kibovu chenye udongo alichokifukia hadi shingoni chini ya migomba. Chungu kilikuwa kimetoboka kitako, kwa hiyo maji hayakutuama.

Mara nyungunyungu wakaanza kupungua. Mwanamkasi akamshuku Muhidini, mtoto wa jirani. Ushahidi? Muhidini alivua samaki wengi, tena alipenda kucheka! Basi Mwanamkasi akafunika chungu kwa jiwe na kuzungushia majivu. Asubuhi majivu yalikuwa vilevile. Nyayo hakuna, na nyungunyungu wamezidi kupungua.

"Haachi hata nyayo!" akatangaza kisimani. "Muhidini ni mchawi!"

Tangu hapo hakuna mtoto aliyekubali kukaa na Muhidini mkeka mmoja chuoni. Mwanamkasi hakutosheka. Akamwendea Mwalimu Mwishehe, aliyewasomesha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umenuna?"

"Naomba umsomee mwizi Halbadiri, alaanike."

"Kaiba nini? Ng'ombe?"

"Nyungunyungu."

Mwalimu alikohoa kuficha kicheko, kisha akakunja uso. "Kisomo hicho si mchezo, binti. Chungu umekichungulia hadi chini?"

"Nimekilinda kwa juu."

"Twende ukakifukue."

Chungu kilipomwagwa, koa akajinyoosha udongoni: konokono asiye na nyumba, mweupe, mnene kama kidole gumba. Alikuwa akimvuta nyungunyungu wa mwisho mdomoni kama mtu anayekula tambi. Alikuwa ameingia kwa tundu la kitako.

"Ala! Koa mla nyama!" Mwalimu akashangaa. "Nimelima tangu utotoni, sijapata kumwona. Kumbe anaishi chini ya ardhi!"

Mwanamkasi akainama. "Nitamwomba Muhidini radhi, kimya kimya."

"Kimya kimya? Ulimtangaza kisimani. Kanushe kisimani, kwa sauti ileile."

Jioni, mbele ya wachota maji na madebe yao, Mwanamkasi akakiri. Watu walicheka hadi maji yakamwagika. Muhidini hakucheka.

"Hata Fatu, binamu yangu, alinikimbia," akasema.

Mwanamkasi akalia kwa haya. Kesho yake chuoni aliketi naye mkeka mmoja. Wengine wakasogea mmoja mmoja, Fatu wa mwisho.

Mwalimu akawatazama. "Wanangu, chunguzeni kwanza, ndipo mseme. Chambo kikiliwa, mtachimba kingine leo hii. Jina la mwenzenu mkilichafua, mtalichimba wapi?"