Ngazi ya Wapangaji

La, mjukuu wangu, lifti wasingeithubutu. Lifti ya lile ghorofa la Ukunda ilikuwa ya vioo, unashuka watu wote wanakutazama. Jumba refu wewe! Maduka chini, ofisi katikati, nyumba za watu juu, na ndani uwazi mkubwa toka sakafuni mpaka uione mbingu. Ramadhani hiyo, mwaka wa tisini na nane.

Wizi wenyewe waliupangia Tiwi, chumba cha nyuma, mlango umekomewa. Watatu. Garama, mkubwa wao, akachora kwa mkaa sakafuni.

"Sonara yuko ghorofa ya tatu. Magharibi hushuka kufuturu. Tunavunja, tunashuka ngazi ya mizigo, tunatokea geti la nyuma. Alfani, wewe ulijenga pale. Utatangulia."

"Haya."

"Na mlinzi wa geti?" Huyo Seth, mtu wa bara, ndiye mwenye bastola.

"Hatoki. Huletewa futari yake pale pale."

"Basi akituona namwasha. Sitaki noma."

"Wewe hufungi, ndiyo maana huna huruma," Garama akamtania.

Mlinzi yule alikuwa Chande, mjomba wake Alfani, aliyemlea toka mdogo. Wenziwe hawakujua. Akautazama ule mkaa. Hakuhisi hofu, hakuhisi kitu.

Saa kumi na mbili kasorobo. Wamejibanza chooni, ghorofa ya tatu.

Saa kumi na mbili unusu. Adhana. Nondo moja, kufuli chini. Dhahabu ikatiwa kwenye mkoba wa sonara mwenyewe, Seth akaubeba.

Mwisho wa ukumbi milango miwili, rangi moja. Kushoto ngazi ya mizigo. Kulia ngazi ya wapangaji.

Alfani akafungua wa kulia.

Walishuka mbio, gizani. Mlango wa chini ukawatema katikati ya ule uwazi, ukajifunga nyuma yao. Haufunguki bila ufunguo wa mpangaji. Mbele yao mikeka, sinia, jumba zima limekusanyika.

"Karibuni! Msisimame, adhana imekwisha!"

Sonara ana tende mdomoni. "Mbona mkoba wangu huo?"

Mkono wa Seth ukaenda kiunoni. Garama akaushika. "Acha. Pana watoto."

Koplo Suleiman wa polisi, mpangaji wa ghorofa ya sita, alikuwa mkekani. Akainuka na kanzu yake, akaitwaa bastola, akawafunga miguu kwa kamba.

"Afande," Garama akasema, "mimi nimefunga toka alfajiri."

"Umefunga, na huku waiba?" Watu wakacheka. "Haya, kaeni mfuturu kwanza. Kituo hakihami. Mwiteni Chande aje awalinde."

Seth akamgeukia Alfani. "Ulijua ule mlango."

Alfani alikuwa anamtazama mzee akija na rungu lake, mzima, kanga iliyofunika futari yake bado begani.

"Shikamoo, mjomba."

Chande akasimama. Akaiona kamba. Akamtazama usoni.

"Marahaba."

Akaliweka rungu chini, akakaa ubavuni mwake, akamega muhogo wa nazi, nusu akamtilia mkononi. Wakala wote.