Sketi Fupi na Maktaba ya Binti

Mama alikuwa mshonaji. Cherehani yake ililia sebuleni tangu asubuhi, na binti yake alikaa karibu na kompyuta. Binti alikuwa anajifunza JavaScript, lugha ya kuziambia kurasa za kompyuta zifanye kazi gani. Alikuwa amemtengenezea mama kurasa tatu: ya shati, ya gauni na ya sketi. Wateja walituma vipimo kwa inchi, kurasa zikavigeuza kuwa sentimita, mama akakata.

Basi mwalimu mmoja akaja kuchukua sketi yake. Kuijaribu, ikaishia juu ya magoti. Kitambaa alikileta mwenyewe, na hakikubaki hata kiraka.

"Nilisema inchi ishirini na nane," alisema kwa upole unaouma kuliko matusi.

Mama aliahidi kumnunulia kitambaa kingine. Mwalimu alipoondoka, mama alimgeukia binti. "Kuanzia leo nahesabu mwenyewe. Hiyo mashine yako ikae mbali na vitambaa vya watu."

"Mama, nilikosea kidogo tu."

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."

Binti aliumia sana. Kazi ile aliipenda, lakini mama asipoiamini, angemfanyia nani?

Alikwenda kwa jirani anayeandika programu ofisini. Mtaani wanamwita Miwani, maana hupandisha miwani yake kichwani kisha akaisaka nyumba nzima.

"Shikamoo, shangazi. Nimeharibu."

"Marahaba. Lete tuone."

Miwani alisoma taratibu. "Inchi moja ni sentimita 2.54. Kwenye shati sawa, kwenye gauni sawa. Kwenye sketi umezidisha kwa mbili."

"Mwanzo niliweka mbili ya kujaribia. Baadaye nikarekebisha, sketi nikaisahau."

"Utasahau tena, maana kipande kile kile cha maagizo umekinakili mahali patatu. Mama yako ana karatasi ngapi za kukatia kola?"

"Moja."

"Anaiweka juu ya kila shati, hachori upya. Nawe weka vipande vyako kwenye faili moja, kila kimoja na jina linalosema kinafanya nini. Kurasa zote ziviite kutoka hapo. Faili kama hilo sisi tunaliita maktaba."

"Si zipo zilizo tayari mtandaoni?"

"Tele, na kazini nazitumia. Lakini wewe unajifunza. Andika yako ndogo, ujue ndani mna nini. Na kila kipande kipe swali ambalo jibu lake unalijua. Kikijibu vingine, bado hakijaiva."

Binti akarudi akaandika. Kipande cha kugeuza inchi alikipa inchi kumi, kikajibu 25.4. Akafuta nakala zote tatu, kurasa zote zikawa zinakiita kutoka faili moja. Hakujua kwamba mama amesimama nyuma yake.

"Na mteja akiandika 'ishirini' kwa maneno?"

Binti akajaribu. Ukurasa wa sketi ukaleta upuuzi mtupu, naye akatamani ardhi immeze. Kisha akafungua lile faili moja, akaongeza mistari miwili. Sketi ikajibu: "Andika kwa tarakimu." Akafungua kurasa za shati na gauni, nazo zikajibu vivyo hivyo.

"Hizo mbili umezirekebisha saa ngapi?"

"Sijazigusa, mama. Zote zinauliza sehemu moja."

Mama akaenda kabatini, akarudi na kitambaa kipya cha mwalimu, alichokinunua kwa jasho lake. Akakitandaza mezani, akashika mkasi.

"Haya, mwanangu," alisema. "Nisomee vipimo vya sketi kwenye hiyo mashine yako."