Kitabu Kilichotobolewa Macho

Harufu ya nta ilitoka kabatini saa saba mchana, na nyumba nzima, pale mjini Ibra, haikuwa na mshumaa hata mmoja. Umeme ulishaingia tangu mwaka uliopita.

Ghaniya akafungua kabati. Ndani mlikuwa na kile kitabu kikubwa tu alichorudi nacho mumewe, Khalaf, kutoka masomoni Ulaya: picha za Wakristo wa kale, karne kwa karne. Ghaniya alikiacha kimefungwa. Sasa kilikuwa wazi kwenye kurasa za mwanzo, kijana mchungaji kabeba kondoo begani, kachorwa ukutani kwenye makaburi ya Rumi. Macho hana.

Macho aliyatoa mama mkwe, Bi Mahfoudha, kwa sindano, kitabu kizima, kama alivyozoea kumtoboa macho mtoto wa kwenye kopo la maziwa. Picha isiyo na macho haina roho, na malaika hawaikimbii nyumba.

Siku ileile Azza, binti wa Ghaniya wa miezi saba, aliacha kuufuata kwa macho mkono wa mamake.

Kesho yake kitabu kilifunguka chenyewe kwenye watakatifu wa vijiwe vya dhahabu vilivyopangwa ukutani, bapa kama karatasi. Kisha Bikira wa kwenye ubao. Kisha vioo vya rangi vya makanisa. Kila karne sura zilizidi kupata nyama, na macho ya Azza yalizidi kufunga ukungu.

"Kichome," Ghaniya alimwambia mumewe.

"Kitabu cha elimu hicho. Kazi ya watu ya miaka elfu."

"Na huyu mwanao, kazi ya nani?"

"Mpeleke hospitali."

"Nimempeleka mara mbili. Wanasema macho mazima."

Bi Mahfoudha alikohoa mkekani. "Usimpandishie mumeo sauti, mwanangu. Picha hizo mie nishaziua."

"Hukuziua, mama. Ndani yake mlikuwa na kitu, umekipofua. Sasa kinapapasa."

Tangu aolewe, Ghaniya alikuwa hajawahi kumjibu mkwewe.

Mchana wa siku ya tano alisikia kurasa zikifunuliwa ndani ya kabati lililofungwa, polepole, kama mtu anayesoma kwa vidole, na harufu ya nta ikamganda kooni, na hasira ikampanda hadi ikaipita hofu, akauvuta mlango akakuta ukurasa wa mwisho, mama na mtoto shavu kwa shavu, wana nyama hasa, na jicho moja la yule mtoto si tundu tena bali limelowa, linamtafuta.

Akachukua wanja wake. Akachora macho, ukurasa kwa ukurasa, tangu yule mchungaji.

"Haya, macho yako haya," alinong'ona, meno kayakaza. "Ya mwanangu yaache."

Nyuma yake Azza alilia, akaushika mkono wa mamake.

Khalaf aliporudi alikifunua kitabu, akakunja uso. "Nani kaniharibia?"

"Kaharibu mamako. Mie nimetengeneza. Mtazame mwanao, anaona."

Akamtazama. Azza naye aliwatazama, mmoja baada ya mwengine. Khalaf akacheka, kisha kicheko kikakatika. Akapitisha kiganja mbele ya uso wa mtoto, mara ya pili, mara ya tatu, na pumzi ya mtoto ilinuka nta.

"Ghaniya," alisema taratibu, "mbona hapepesi macho?"