Bibi Ambaye Korongo Halikumwitikia

Chiriku alipaza sauti juu ya korongo la mto, na korongo likamjibu. Baba yake akapiga mluzi, ukarudi. Kisha Bibi akaita "Huu-uu!" kwa nguvu zake zote, na upande wa pili pakawa kimya.

"Halijakusikia," Chiriku akasema. "Rudia, Bibi."

Bibi akarudia. Kimya.

Mama yake Chiriku, mfamasia wa duka kubwa la dawa, hakulitia maanani. Alikuwa akiviangalia viatu vya Bibi, mama yake mzazi: kandambili mguu huu, raba mguu ule. Yalikuwa matembezi mepesi tu, njia ya saruji yenye vyuma vya kushikia, mto ukimeta chini, familia za watu zikipiga picha. Lakini tangu akili ya Bibi ianze kupotea, hakuna kilichobaki chepesi. Aliimba ovyo. Aliwasalimia wapita njia kwa majina ya marehemu. Na siku hiyo alikuwa amejikojolea kidogo, na upepo haukumfichia siri.

Ndipo akatokea bosi wa mfamasia na mkewe, wamependeza kama wa harusini. Mume wa mfamasia na Chiriku walikuwa wametangulia.

"Ah, na wewe umetoka leo! Yule bibi kizee anayeimba, mko naye?"

Mfamasia alihisi uso unawaka. "Hapana," akacheka. "Tumemkuta tu njiani. Sijui ni wa nani, maskini."

Hatua chache kutoka hapo, Bibi akaacha kuimba.

Bosi alipoaga na kwenda zake, sauti ya majimaji ikamnong'oneza mfamasia sikioni: "Basi ni wetu."

Akageuka upesi. Hapakuwa na mtu karibu. Bibi alisimama palepale, ametulia, anatabasamu.

Nyumbani majirani walimsifu Bibi kwa utulivu wake. Alikaa wima kitini, msafi, hasemi neno. Hakujikojolea tena. Na mfamasia, Mungu amsamehe, alifurahi. Sakafu chini ya kile kiti haikukauka, chumba kilinuka ukoga wa mtoni, chakula kilirudi jikoni kama kilivyopakuliwa, naye akapiga deki na kunyamaza.

"Mama," Chiriku alimnong'oneza jikoni, "yule si Bibi."

"Koma! Usiseme hivyo."

"Hapepesi macho. Nikimkumbatia nasikia mto tumboni mwake."

Jioni ile mfamasia alimpeleka Bibi bafuni kumwogesha, akamkalisha kwenye kigoda, na kabla hajagusa bomba akasikia maji yakienda, si ya bomba wala ya mvua, bali maji mengi ya mbali yanayojigonga kwenye mawe, na ndani ya maji hayo sauti nyembamba ya mwanamke mzee ikiimba, ikikatika, ikianza upya, na alipouweka mkono kwenye ule mgongo akakuta hauna joto wala mapigo, na alipoinua uso akaona mdomo umefumbwa na yale macho yanamtazama kwa upole, kama mgeni anayesubiri kuonyeshwa pa kulala.

Alipiga yowe. Mumewe akaenda kumleta mganga, mwanamke mnene mwenye miwani, ambaye alinusa mlangoni tu na kukataa kuketi.

"Jini hili halikuiba," akasema. "Lilipewa. Nani alimkana huyu mzee?"

"Amkane nani?" mume akauliza. "Si sisi tunaomlea?"

Mfamasia akatazama sakafu. "Mimi. Kwa bosi wangu." Chiriku alikuwa nyuma ya pazia, na alisikia.

"Basi kamdai palepale, mbele za watu," mganga akasema. "Na usinong'one."

Asubuhi walirudi korongoni, mfamasia akiushika mkono wa kile kitu. Njia ilijaa watu. Mara ya kwanza alinong'ona tu. Mara ya pili akafumba macho.

"Ni mama yangu! Nilimwonea haya nikasema simjui! Nirudishieni mama yangu!"

Watu wakasimama. Wengine wakatoa simu zao wakamrekodi. Korongo likayarudisha yote, neno kwa neno, kwa kila aliyekuwa na masikio, na ule mkono ndani ya mkono wake ukageuka maji baridi, ukamwagika.

Chini ya vyuma mtu akakohoa. Wanaume wawili wakamvuta Bibi kutoka kwenye jiwe, ameloa, anatetemeka, mzima.

Hamjanuka ukoga tena nyumbani mle. Bibi bado anasahau, bado anajikojolea. Ila haimbi. Na hamwiti tena mfamasia "mwanangu". Hubisha hodi kwenye chumba chake mwenyewe.

"Samahani dada, kama si usumbufu, naomba maji."

"Mama, ni mimi. Mwanao."

"Ahsante. Mungu akubariki."

Mume anasema ni ugonjwa tu umezidi. Mfamasia angependa iwe hivyo, au hata liwe jini limebaki kidogo. Analoogopa ni jingine: siku ile Bibi alikuwa hatua chache tu kutoka kwake na bosi, na masikio yake hayajawahi kuwa na shida.

Humpelekea maji, hupiga magoti, humshikia bilauri. Na Bibi hunywa harakaharaka, kama mtu asiyetaka kuwachosha wenye nyumba.