Jina la Tatu kwenye Kadi

"Kesho uandikishe na mbuzi!" Pancras alisema huku akikaza mpira kwenye keria ya baiskeli. "Waambie naye ni mwanao, kapotelea njiani."

"Punguza sauti, watoto wanasikia."

"Watoto wangapi, Marsiana? Wawili au watatu? Mimi baba yao sijui tena."

"Mwezi wa kumi na mbili tuliposhindia maji hukuuliza," Marsiana alijibu. "Maharage yalipoingia sufuriani ulisema Mungu mkubwa. Leo maharage yana dhambi?"

Pancras alinyoosha kidole kwenye mkeka. "Basi niambie. Kikombe cha tatu nani kakinywea?"

Marsiana akatazama. Alikuwa amemimina uji vikombe viwili, cha Anneth mwenye miaka mitano na cha Aristides aliyekuwa bado anayumba akitembea. Sasa vilikuwa vitatu. Cha tatu kililambwa hadi kikang'aa, na kwenye ukingo wake kulikuwa na tope jeusi. Udongo wa Nyakisasa yote ni mwekundu.

"Si wewe?"

"Mimi nimeanza lini kunywa uji?" Pancras akapanda baiskeli. "Kaka Gervasi ananisubiri Nyamiaga tuezeke nyumba yake. Nikirudi jioni nisiikute hiyo kadi humu ndani, Mama Anneth. Umesikia?"

Akateremka mlima ndani ya ukungu.

Marsiana hakuwa mkimbizi. Alizaliwa Nyakisasa, akabatizwa huko, akaolewa huko. Lakini wakimbizi walipojaa vilimani miti ilikatwa, mbuzi wakapotea, migomba ikaibiwa mikungu, na baadaye mvua nayo ikagoma. Majirani wengi walianza kwenda kambini kujiandikisha. Naye akajifunga kitenge kama wanawake wa ng'ambo ya mpaka, Burundi, akakipinda Kihangaza chake kidogo kikafanana na Kirundi, akapanga foleni.

"Watoto?" karani aliuliza.

"Watatu."

"Majina?"

Akataja Anneth. Akataja Aristides. La tatu hakuwa nalo, na kalamu ilikuwa inamsubiri. Ndipo akamkumbuka mwanamke aliyemwona jana yake bombani, ameketi chini bila ndoo, akiita jina moja tu kutwa nzima. Walisema binti yake alichukuliwa na mto.

"Iteka," Marsiana alisema.

Karani akaliandika kwenye kadi ya mgao. Tangu siku ile chakula kilitosha.

Ukungu ulipoondoka alimfunga Aristides mgongoni akaanza kumenya ndizi. Anneth alikuwa anacheza migombani. Alikuwa anaongea, ananyamaza kidogo, kisha anacheka, kama mtu anayejibiwa.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na Iteka."

Kisu kikamtoka mkononi. Jina hilo hakuwahi kulitamka mbele ya mtoto. Asubuhi ile Pancras naye hakulitaja.

"Iteka yuko wapi?"

"Si huyo nyuma yako? Anamchezea Aristides miguu."

Mgongoni mtoto akacheka kwa furaha, akarusha mikono. Marsiana akageuka haraka. Hapakuwa na mtu. Harufu tu ndiyo ilibaki, harufu ya matope ya mtoni na ya kitu kilicholala majini siku nyingi.

"Anasema wewe ndiye ulimwita," Anneth aliendelea, akichora chini kwa kijiti. "Anasema ana njaa. Chakula chake mnakula nyie."

Marsiana alimshika mkono akamwingiza ndani. Akaweka sufuria motoni, akafunika, akaketi mbele yake na watoto wote wawili mapajani. Hakuondoka. Hakusinzia. Ndizi na maharage vilipoiva alifunua, akaona katikati ya chakula shimo lililochimbwa kwa vidole, vidole vidogo, alama zake tano zikionekana wazi kwenye maharage yaliyokuwa bado yanachemka.

Chini ya kitanda kitu kilikuwa kinatafuna.

Kilitafuna polepole, kikameza, kikatafuna tena, na kila kilipomeza gunia la mahindi pale pembeni lilinywea kidogo na maji meusi yakachuruzika chini yake, yakaja taratibu sakafuni kuelekea miguu ya Anneth, na Anneth akayatazama akitabasamu kama anayetazama paka wa nyumbani akimjia.

Marsiana alitoka mbio na watoto wote wawili, akaita shambani.

Nyirabahizi, mama mtu mzima kutoka kambini, alikuwa anawalimia kibarua siku hiyo. Aliweka jembe chini.

"Shikamoo, mama," Marsiana alisema, maana hofu haikumwondolea adabu.

"Marahaba. Umeona nini?"

Marsiana akamweleza yote, kwa kunong'ona, hata la bombani. Nyirabahizi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Mimi nilizika watatu njiani," alisema. "Mtoto aliyekufa haji kutafuna chini ya vitanda vya watu. Binti wa yule mama wa bombani mwache, amepumzika. Hiki ni kitu kingine. Kimekuta jina halina mwenyewe, kikalivaa kama nguo iliyoanikwa."

"Ni jini?"

"Ita unavyotaka. Kwanza kinakula chakula. Kikishiba kinataka mahali pa kulala, na mahali pa mtoto ni mtoto."

"Nifanye nini, mama?"

"Kwenu mtu akipotea bila mwili mnazika nini?"

"Gogo la mgomba."

"Basi tulizike jina lake. Leta na hiyo kadi, ndiyo mlango alioingilia. Na sikiliza, mwanangu. Mpaka udongo umalizike kufukiwa usiwaachie watoto wako. Hata kidogo."

Walikata mgomba mchanga, kimo cha mtoto wa miaka mitano. Nyirabahizi akachimba. Mbingu ilikuwa imeshaanza kufunga kwa upande wa Burundi, na upepo ulipochapa migomba majani yote yaliyumba upande mmoja isipokuwa ya mgomba mmoja, ambayo yalitulia tuli kama yameshikwa na mtu aliyesimama nyuma yake.

"Kadi," Nyirabahizi alisema.

Aristides alikuwa mgongoni. Anneth alikuwa mkono wa kushoto. Marsiana akaingiza mkono wa kulia kifuani akaigusa kadi, na hapo akayaona macho ya watoto wake ya mwezi wa kumi na mbili, na midomo iliyopasuka, na chungu kilichofunikwa kifudifudi. Mvua ingenyesha, ndiyo, lakini maharage yangekomaa lini? Kifuani humo kulikuwa na karatasi nyingine, ya kliniki ya Aristides, ya zamani. Nyirabahizi hajui kusoma.

Ili kuzibadili alihitaji mikono miwili.

Alimwachia Anneth kwa muda wa kupumua mara moja. Akaikunja karatasi ya kliniki, akaitumbukiza shimoni juu ya gogo, akapapasa nyuma na kuukuta mkono mdogo ukimngoja. Akaushika kwa nguvu zote.

"Iteka," Nyirabahizi alisema, akifukia, "umekufa, umezikwa, watu wamekulilia. Huna deni na nyumba hii."

Mvua ikaanguka yote kwa mara moja. Mama yule akachukua jembe lake akakimbilia njia ya kambini, na Marsiana akakimbilia nyumbani akiuvuta ule mkono mdogo, akafunga mlango, akatia komeo.

Ndani kulikuwa kumetulia. Chini ya kitanda kimya. Harufu imekwisha. Alimteremsha Aristides, yeye mwenyewe akalia kwa furaha, akacheka, akamwomba Mungu msamaha kwa ile karatasi na kumwahidi kwamba baada ya mavuno ataichoma kadi kwa mkono wake mwenyewe.

"Anneth, njoo nikukaushe."

Mtoto alikuwa ameketi kando ya gunia, amempa mgongo, nywele zikichuruzika maji. Alikuwa anatafuna mahindi mabichi. Aristides alimtazama, akaanza kulia kilio ambacho Marsiana hakuwahi kukisikia tangu amzae, akitambaa kinyumenyume hadi ukutani.

"Anneth?"

Yule mtoto akameza. "Kadi yangu umeitunza, mama, sivyo?" aliuliza bila kugeuka, na maji yaliyokuwa yanamtoka yalikuwa meusi.

Mlango ukagongwa. Uligongwa chini kabisa, pale panapofikiwa na mtu mfupi, kwa kiganja kidogo, na katikati ya mvua sauti ambayo Marsiana angeitambua hata usingizini ikasema:

"Mama, nifungulie. Umemshika mkono Iteka, mimi ukaniacha shimoni."