Kufuli la Chovae

"Chaji ni dola tatu zaidi, abaayo, dada yangu."

Sabah hakujibu upesi. Alikigeuza kisanduku cha simu, akaweka kidole juu ya picha ya chaji iliyochapwa ubavuni. Ilikuwa Alhamisi asubuhi katikati ya soko la Kismayo, na duka la Tahir lilikuwa limejaa: wauza mboga wamekuja kuchajisha simu, madereva wa bajaji wanataka vocha, na jenereta inanguruma mlangoni hata salamu ilibidi itolewe kwa kupaza sauti.

"Hii ni picha ya nini?"

"Ya chaji," alisema Tahir.

"Na chaji yenyewe iko wapi?"

"Si imo humo ndani."

"Basi nimeshainunua."

"Imo ndani, lakini bei niliyokutajia ni ya simu."

"Tahir, dada anasema kweli," ilidakia sauti kutoka pembeni. "Aliyenunua kisanduku amenunua na kilichomo."

Aliyedakia alikuwa Fuadi, fundi wa simu aliyekodi meza kwenye pembe ya duka hilo hilo. Alikuwa kijana mrefu mwenye asili ya kisiwa cha Koyama, shati jeupe limekunjwa mpaka viwikoni, kidole gumba kina alama ya kuungua. Kumpinga mwenye duka mbele ya wateja si jambo la mpangaji mwenye akili zake. Lakini Fuadi alikuwa ameshaliona lile baibui la zambarau na mtandio wa rangi ya embe, udi ulikuwa umeshamfikia puani, na akili ilikuwa imekwisha kazi.

Tahir alisukuma chaji juu ya kaunta huku akinung'unika kwa Kisomali.

"Nikulipe nini kwa uwakili?" Sabah alimuuliza fundi.

"Namba yako inatosha."

"Hiyo haimo kisandukuni."

"Basi niuzie mbali."

Aliondoka bila kumpa. Siku ya tatu akarudi, anasema kioo cha simu kina mkwaruzo. Mkwaruzo huo hakuna aliyeuona ila yeye, na Fuadi alichukua nusu saa nzima kuutafuta. Siku hiyo namba aliipata.

Sabah alikuwa mwalimu wa darasa la tatu mtaa wa Majengo. Simu aliitaka ili arikodi wanawake wa Chovae, kisiwa cha kwao, wakizitaja nyumba moja moja na watu waliokaa humo kabla ya vita kuwatawanya. Fuadi naye alikuwa akitengeneza mchezo wa kuchezwa kwenye simu. Mchezaji ana mkoba wa barua, anapita Koyama, Ngumi na Chovae akitafuta nyumba za kuzipeleka. Alipozisikia zile sauti za Chovae hakutulia tena.

"Nipe, roho yangu," alimwambia kwenye simu. "Nizitie kwenye mchezo."

"Roho yako tangu lini?"

"Tangu chaji. Nipe."

"Si zangu mimi. Ni za shangazi Mwanabibi na wenzake."

"Basi niombee."

"Nikawaambie nini?"

"Waambie mchu yeyote mwenye mchezo huu atawasikia."

Hayo ndiyo maneno yake, kwa lahaja ya visiwani ambamo mtu ni mchu na kuja ni kuya, na Sabah aliyapeleka Chovae kama yalivyo. Shangazi Mwanabibi, dada wa marehemu baba yake na ndiye aliyemlea, alisimama kizingitini pa nyumba yake, akajitengeneza leso, akaanza kwa kuwakaribisha watu waje: "Ndooni wote, mlango u wazi." Kisha akataja nyumba arubaini na tatu bila kukosea.

Mwaka mmoja walikaa hivyo, Sabah akileta sauti, Fuadi akichora kuta na vichochoro. Mwezi wa Rajabu Fuadi akamwambia anataka kuleta posa. Katika ukoo wa Sabah msichana hamjibu mwanamume mwenyewe. Jibu hupitia kwa shangazi. Asubuhi ya pili Sabah alimpigia shangazi yake akamwambia amemridhia, tena kwa moyo wote. Halafu akaongeza, "Lakini likalie kwanza, shangazi. Mchezo wake utoke, nimwone alivyo siku hiyo." Huo ulikuwa udhuru. Ukweli ni kwamba kungojewa kulikuwa kutamu, na Sabah hakuwa na haraka ya kukumaliza.

Mchezo ulitoka mwezi wa Shabani. Kwa kuwa intaneti ni ghali na visiwani ni ya kubahatisha, watu waliurushiana simu kwa simu, mzima mzima, na aliyelipa dola moja alipewa namba ya kuufungulia. Ndani ya wiki moja mji ulikuwa ukiuzungumza. Sabah mwenyewe hakuufungua. Alikuwa anasahihisha mitihani na alitaka wauangalie pamoja. Ndiyo sababu habari ilimfikia kutoka Chovae, kwa simu ya shangazi yake, mapumziko ya saa nne.

"Sabah, mwanangu, nauliza tu. Nimekukosea?"

"La, shangazi. Kwa nini?"

"Nimelipa dola moya yangu kama wachu wengine. Koyama nimeingia, Ngumi nimeingia. Kuya hapa Chovae, naona kufuli. Naambiwa toa dola mbili."

"Labda haijakwisha kutengenezwa."

"Imekwisha. Mwana wa Zuleikha asema imo humu humu kwenye simu, yaonekana uzito wake. Nimeishika mkononi na siingii. Wanawake wamekuya kuniuliza, maana mimi ndiye niliyewaambia. Wasema nimekula pesa yao."

Sabah alitazama dirishani. Nje, watoto wa darasa la tatu walikuwa wakicheza kwa fujo na kengele ilikuwa inakaribia.

"Nitamuuliza, shangazi. Leo leo."

Alifika dukani baada ya sala ya alasiri. Fuadi alipomwona alisimama, uso umejaa furaha, akamfutia kiti kwa kiganja.

"Mwalimu wangu. Leo nimekuwekea chai, shaah ya maziwa ya ngamia."

"Chovae imekwisha au haijakwisha?"

Furaha ilipungua, haikuondoka. "Imekwisha."

"Tangu lini?"

"Kabla ya mchezo kutoka."

"Na imo ndani ya simu za watu."

"Imo. Ungetaka niipeleke vipi tena, kwa intaneti gani? Sabah, keti nikueleze."

"Nieleze nimesimama."

Tahir aliinamia daftari lake kwenye kaunta, masikio yote yako huku. Fuadi akashusha sauti.

"Chovae peke yake imenila miezi mitatu. Mafuta ya jenereta, macho yangu, kila kitu. Dola moja hairudishi hata mafuta. Dola mbili za Chovae ndizo zitakazonilipa. Atakaye alipe, asiyetaka anavyo visiwa viwili. Nimemwibia nani?"

"Umeufunga mlango wa mtu na yumo ndani."

"Hebu nikuulize. Kama ningeuza vile viwili kwanza, nikakaa miezi mitatu, ndipo nikaitengeneza Chovae na kuiuza, ungekasirika?"

Sabah alikisukuma kiti kando.

"Usingekasirika. Basi kosa langu ni lipi? Kwamba nilifanya kazi upesi?"

Swali lilikuwa zuri, na hilo lilimuudhi zaidi. Alikuwa na maneno mengine tu, na hayo alikuwa nayo tangu siku ile ya Alhamisi.

"Aliyenunua kisanduku amenunua na kilichomo," alisema. "Nani alisema hivyo, hapa hapa?"

Tahir alikohoa.

Fuadi aliona haya, na mtu aliyeona haya mbele ya watu husema asilolipima. "Na wewe? Nimekuuliza tangu Rajabu. Jibu unalo, najua unalo. Umelitia kufuli. Unangoja bei ipande?"

Wateja wawili waligeuka kumtazama Sabah. Kibaya zaidi, maneno yale yalikuwa na ukweli kuliko Fuadi mwenyewe alivyodhani.

"Mimi si mchezo wako," alisema, akatoka. Shaah ilibaki mezani ikifanya utando.

Siku kumi na moja hawakusemezana. Fuadi alipiga mara nane siku ya kwanza, mara tano ya pili, kisha akaacha. Sabah aliacha kupita sokoni, akawa ananunua mboga Majengo kwa bei ya juu, na lile swali akalibeba kila mahali. Lilimjia akifuta ubao na akichambua mchele. Kazi ni kazi, mtu alipwe. Mbona basi moyo haukubali? Alikuwa anampenda, na alikuwa na hasira naye, na hakuna kilichokubali kumpisha mwenzake.

Kilichombadilisha Fuadi kilikuwa kidogo. Dereva mmoja wa bajaji alilipa dola mbili zake, akapewa namba, akafungua Chovae pale pale dukani. Kufuli likafifia na sauti ya Bi Mwanabibi ikatoka safi kupita jenereta: "Ndooni wote, mlango u wazi."

Dereva alicheka. "U wazi, mama, baada ya dola mbili."

Alisema kwa mzaha tu, akawasha bajaji yake akaenda. Fuadi alikuwa ameisikia sauti ile mara mia tatu wakati wa kazi, akiikata hapa na kuiunga pale. Siku hiyo aliisikia kama anavyoisikia mtu aliyesimama nje ya nyumba, na akajua kwamba kufuli aliliweka mbele ya maneno ya mwanamke ambaye hakumwomba hata shilingi. Alifungua kompyuta, akaliondoa. Kuliondoa kulichukua dakika ishirini.

Kumwambia Tahir kulichukua mchana kutwa.

"Mafuta nilitoa mimi, walaal, ndugu yangu," Tahir alisema. "Tulikubaliana Chovae ndiyo itakayorudisha."

"Nitakutengenezea simu miezi minne bila ujira."

"Kwa sababu ya msichana?"

"Msichana hata hapokei simu yangu. Ni kwa sababu nilimwahidi mchu kichu, nikageuka."

Tahir alihesabu kwa vidole. "Mitano," akasema.

"Mitano."

Kesho yake kipande cha boksi kilining'inia juu ya meza ya fundi: ALIYENUNUA MCHEZO ALETE SIMU. CHOVAE NI YAKE. ALIYELIPA ZAIDI ATARUDISHIWA. Watu walipanga foleni mpaka kwa wauza ndizi. Fuadi aliwarushia toleo jipya mmoja mmoja, nao wakarushiana majumbani. Sabah aliambiwa na wanafunzi wake, akajifanya hakusikia, akaandika tarehe ubaoni kimakosa mara mbili.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, simu yake ililia. Shangazi.

"Sabah. Kuna kijana hapa barazani kwangu."

"Kijana gani?"

"Mrefu. Ametapika boti nzima, maskini, Mkoyama gani huyu. Asema mchezo mpya hauwezi kuya kwa intaneti yetu, kwa hivyo ameuleta kwa mguu. Amefungua simu kumi na moya. Ameniomba radhi mbele ya wanawake wote, mmoja mmoja akimtaja. Nimempa mai ya kunywa, nimempa samaki. Ngoya nikuweke kwenye spika, mikono yangu ina unga."

Kelele za kuku na sauti za wanawake zikaingia kwenye simu, na nyuma yake ile sauti ya mchezo ikizitaja nyumba. Kisha Fuadi, karibu, sauti imekauka.

"Sabah. Sikuja kukusumbua. Nilikuja kwa shangazi. Lakini nililokwambia dukani lilikuwa ovu. Nisamehe."

Sabah alikuwa amejitayarisha kwa siku kumi na moja kumsema. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Swali lako nimelifikiria."

"Lipi?"

"La kufanya kazi upesi. Ulikuwa na haki ya kulipwa, Fuadi. Lakini Chovae uliipata kwa ahadi, na ahadi ilikuwa kila mwenye mchezo. Kuna kisiwa cha Chula hujakichora hata jiwe. Kiuze hicho. Sema mapema kwamba kitauzwa mbali, kwa bei yake, na wanawake watakaotoa sauti wapewe fungu lao. Mimi wa kwanza nitalipa."

"Hayo masharti hutanipunguzia, mwalimu?"

"Sikupunguzii kitu."

Fuadi alicheka.

"Na mimi," alisema Fuadi polepole, "lile langu la posa sitakuuliza tena. Chukua muda wako."

"Muda gani?" Ilikuwa sauti ya shangazi Mwanabibi, na sufuria iliwekwa chini kwa kishindo. "Sabah, mwanangu, mimi nimechoka kufungiwa vichu, na nimechoka kuwafungia wachu. Kijana, sikiza. Huyu amekuridhia tangu Rajabu. Aliniambia asubuhi ya pili yake, alikuwa akilia kwa furaha. Akasema nilikalie. Nimelikalia miezi miwili, mgongo waniuma."

Wanawake wa Chovae wakapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Sabah aliketi kitandani, kiganja usoni, peke yake chumbani Majengo na bado akijifunika.

"Sabah," Fuadi aliita. "Nimesikia."

"Nimesikia kwamba umesikia."

"Lilikuwa tayari siku zote hizo?"

"Lilikuwa tayari. Na mimi nililifunga. Nisamehe na mimi."

"Basi nitalipa nini?"

Sabah aliitazama simu yake, ile ile ya Alhamisi, na chaji yake ikiwa imechomekwa ukutani.

"Hulipi kitu," alisema. "Limo kisandukuni. Njoo na wazee wako."