Jini Aliyeandikiwa Kubaki

Jambo la mwisho la kawaida mazoezini lilikuwa Yasmini kumnyang'anya mzee Tomaso, aliyecheza mganga, muhogo wa kuchoma.

"Mganga gani anakula kabla hajanitoa?"

"Mwalimu amenikataza kukutoa," Tomaso alijibu. "Nimebaki na kazi ya kula."

Ilikuwa kweli. Katika kila mchezo wa majini uliowahi kuchezwa Mugumu, mganga humuuliza jini jina, jini hulitaja, mganga humwamuru kwa jina hilo, naye hutoka. Mwalimu Gidion, aliyeandika mchezo huu, hakuiamini tena desturi hiyo. Mkewe Efrazia alifariki hospitalini mwezi wa pili. Walimwombea kwa jina lake, na ugonjwa haukutoka. Kwa hiyo jini wake hataji jina, hatoki, na pazia halifungwi.

Saa tisa alasiri mazoezi yaliisha. Yasmini, aliyecheza jini, hakushuka jukwaani. Ukumbi ulinuka dawa ya kudekia wodi.

"Shuka, binti," Tomaso alisema.

"Sikuandikiwa kushuka."

Gidion alidhani anaigiza. Kesho yake alidhani hivyo tena, ingawa msichana alikuwa hajala wala hajaketi. Siku ya tatu Rukaya, mama wa msichana, alileta uji, akamtazama, akageuka nao.

"Mwalimu, andika atoke. Anayenitazama pale si mwanangu."

Gidion alipanda jukwaani akijiambia kwamba harufu ya wodi kila mtu anaijua, kwamba sauti huigwa, kwamba Yasmini alinunua nyanya kwa Efrazia miaka mingi na angeweza kuishika ile namna yake ya kuvuta neno la mwisho, na alipofika karibu kabisa akauliza kwa sauti ya chini, "Efrazia alisema nini mwisho?"

"Baba Nice," alijibu, akimwita kama Efrazia alivyomwita, "utajuaje kama nadanganya? Ulikuwa nje, unaongea na simu."

Gidion hakuwahi kumwambia mtu habari ya simu ile.

"Wewe ni nani?" Tomaso alinong'ona nyuma ya Gidion. "Taja jina."

"Muulize mwalimu. Analo yeye."

Asubuhi iliyofuata, Rukaya akiwa amesimama mlangoni pake, Gidion aliandika onyesho la kumtoa jini, lote kama desturi inavyotaka. Mahali pa jina aliandika Efrazia, akafuta, akaandika tena, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka, kisha akaikunja hivyo hivyo, ikiwa na tundu mahali pa jina, na kumpa mama wa watu ampelekee Tomaso.